Picha ya Ndege: kwa nini filamu ya Ziwa Natron inagusa moyo

Kwa wasioijua Kibaha, Picha ya Ndege ni kituo kwenye Barabara ya Morogoro na pia ni jina la mtaa. Mimi nimekulia hapo, kwa mama mdogo. Tangu nifike chuo, kila nikitaja nyumbani lazima mtu wa hosteli aulize: "Ndege yupi sasa, mwenye manyoya au mwenye abiria?" Nilikuwa nacheka tu. Mwaka huu nimepata jibu. Ndege wangu ni heroe, yule ambaye wengi tunamwita flamingo, na picha yenyewe ni filamu inayoitwa The Crimson Wing.

Naomba nieleze hii filamu ni kitu gani, inafanyaje kazi ndani ya mtazamaji, na kwa nini nilipowaonyesha kidato cha pili kule Kisarawe wakati wa TP, somo lilimrudia mwalimu.

Filamu yenyewe

The Crimson Wing ilitoka mwaka 2008. Ilikuwa filamu ya kwanza chini ya jina la Disneynature, tawi la Disney linalotengeneza filamu za wanyama halisi. Waongozaji ni Matthew Aeberhard na Leander Ward. Inachukua kama saa moja na robo, na karibu yote imepigwa hapa hapa nchini, Ziwa Natron, kaskazini mwa mkoa wa Arusha, mpakani na Kenya. Nina uhakika wengi wetu tumeangalia Simba Mfalme zaidi ya mara tano, lakini hii iliyopigwa nyumbani hatujaisikia kabisa. Mimi niliipata kwenye flashi ya mwenzangu wa chumba, imekaa katikati ya tamthilia za Kikorea.

Kisa chake ni chepesi. Heroe wanakuja ziwani kwa maelfu. Wanacheza, wanachaguana, wanajenga viota vya tope kwenye kisiwa cha chumvi, na kila jozi inataga yai moja tu. Vifaranga wanaanguliwa. Halafu inabidi watembee kwa miguu juu ya magadi, jua likiwachoma, kwenda kwenye maji yasiyo makali. Wengine wanafika, wengine hawafiki. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakuna jambazi, hakuna mapenzi ya pembe tatu.

Sasa kwa nini mtu mzima wa miaka ishirini na mbili analia chumbani saa nane usiku kwa ajili ya kifaranga wa rangi ya kijivu?

Mahali penyewe ni mhusika

Jibu la kwanza ni ziwa. Natron ni ziwa lenye kina kifupi sana, hata mita tatu halifiki. Maji yanaingia, mengine kutoka upande wa Kenya kwa mto Ewaso Ng'iro Kusini, lakini hayana pa kutokea. Yanabaki yanakaangwa na jua, yanakuwa mvuke, na kinachobaki chini ni magadi. Ndiyo, magadi, jamii ile ile ambayo bibi anaweka kidogo kwenye mlenda au kwenye maharage yaive haraka. Sasa fikiria ziwa zima la kitu hicho. Kipimo cha pH kinaweza kupita 10, na joto la maji sehemu nyingine linakaribia nyuzi 60. Rangi nyekundu inayoonekana kutoka juu inatokana na vijidudu vinavyopenda chumvi. Pembeni umesimama Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu, volkano hai inayotoa lava ya ajabu yenye asili ya magadi, nyeusi na isiyo na moto mwingi kama lava za kwingine.

Hapo ndipo heroe wamepachagua kuwa leba. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanazaliwa Natron. Sababu ni hiyo hiyo inayotutisha sisi: fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope lile. Ukali wa mahali ndio ukuta wa kulinda watoto.

Binadamu pia amelijaribu. Mwaka 1954 Leslie Brown, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa kilimo Kenya na mtaalamu wa ndege, aliliona koloni la heroe kutoka angani, akaamua kulifuata kwa miguu. Ganda la magadi likawa linapasuka, anazama kwenye tope, anajivuta, anazama tena. Alirudi akiwa hai lakini miguu imeungua na kujaa malengelenge, akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Ukishajua hilo, ukamwona kifaranga wa siku chache anatembea pale pale, huhitaji mtu akwambie hali ni ngumu.

Picha kubwa, jambo dogo

Jibu la pili ni namna kamera inavyotumika. Waongozaji wanakuonyesha kwanza ziwa kutoka juu: jekundu, jeupe, mistari kama mishipa ya damu, na heroe ni vumbi la waridi tu. Unashangaa. Halafu wanakata, na unaona mguu mmoja wa kifaranga mmoja. Umbali kati ya picha hizo mbili ndio unaokupiga. Kama wangeonyesha ukubwa peke yake, ungesema "pazuri" na kuendelea na maisha. Kama wangeonyesha kifaranga peke yake, ungesema "kazuri" na kuendelea vile vile. Ukubwa unapowekwa mgongoni mwa kitu kidogo, hapo moyo unashikwa.

Jibu la tatu ni muziki. Ulitungwa na kundi la Uingereza linaloitwa The Cinematic Orchestra. Kuna wimbo mmoja usio na maneno, Arrival of the Birds, ambao baadaye ulitumika kwenye The Theory of Everything ya mwaka 2014, ile ya maisha ya Stephen Hawking. Huenda umeshausikia bila kujua kwamba ulianzia kwa ndege wa Arusha.

Kuhusu muziki nina ushahidi wangu mwenyewe, na niliupata kwa bahati mbaya.

Ijumaa moja Kisarawe

TP yangu ilikuwa kwenye shule ya kata wilayani Kisarawe, Jiografia na Kiswahili. Nilipanga chumba huko, wikiendi narudi Kibaha. Mada ilikuwa maziwa ya Bonde la Ufa, na kitabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi sita. Nikaazima projekta kwa mwenzangu wa TP, nikatandaza shuka ukutani, Ijumaa baada ya vipindi.

Tatizo la kwanza: msimulizi anaongea Kiingereza. Hazikupita dakika tano, sauti ikatoka nyuma, "Madam, haijatafsiriwa?" Wote wakacheka. Kwetu picha isiyotafsiriwa ni nusu picha. Wazazi wetu walikulia kwenye mabanda ya video, Lufufu anaweka Kiswahili juu ya kila kitu, na watoto hawa nao wana ma-DJ wao. Nikapunguza sauti, nikaanza kutafsiri mwenyewe, najitahidi.

Tatizo la pili: spika ikaisha chaji. Tukabaki na picha bubu.

Na hapo ndipo ikafika sehemu ninayotaka kuieleza vizuri. Vifaranga wakitembea kwenye maji mazito ya magadi, chumvi inaganda miguuni. Inaanza kama ukoko mwembamba, inanenepa, mwisho inakuwa bangili ngumu kama saruji. Kifaranga mwenye bangili hizo anaburuza miguu. Kundi linatembea, yeye anabaki. Anaanguka, anainuka, anaanguka.

Bila sauti, darasa likacheka. Kweli, walicheka. Kifaranga alivyokuwa anajikwaa, alionekana kama mlevi wa kwenye katuni. Nilitaka kuwakaripia, nikasita.

Kijana mmoja hakucheka. Nitamwita Yule wa Dirishani, maana ndipo alipokuwa anakaa. Akasema taratibu, kama anaongea na mwenzake, "Sio mvivu huyo. Miguu mizito."

Tulichomeka spika kwenye umeme, tukarudisha nyuma, tukaangalia kipande kile kile mara ya pili, na muziki sasa. Hakuna aliyecheka. Binti mmoja wa mbele alijifunika uso kwa daftari. Picha ni zile zile, kifaranga ni yule yule.

Hilo ndilo somo la sanaa ambalo sijalipata kwenye lekcha: picha inaonyesha tukio, lakini sauti inatuambia tukae upande gani. Kwa hiyo unapoangalia filamu ya namna hii, jiulize kila mara: nimeguswa na kilichotokea, au nimeguswa na fidla? Mara nyingi ni vyote viwili, na siyo dhambi. Ila ni vizuri ujue.

Kijana wa dirishani lakini hakuhitaji fidla. Aliona bila muziki.

"Kwa nini asimsaidie?"

Baada ya picha tulijadili. Swali la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu huuliza: "Madam, huyo mwenye kamera si yupo hapo? Kwa nini asimvunjie hiyo chumvi?"

Nikawajibu nilichosoma. Wapiga filamu wengi wa wanyama wana utaratibu wa kutoingilia. Ukimwokoa huyu, korongo atakula nini? Maana filamu ina wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaojaa majalalani ukifika Mwanza au Kampala. Wanashuka katikati ya vifaranga, wanachagua. Wanatia hasira, lakini nao ni viumbe wanaotafuta riziki. Filamu haiwafanyi kuwa mashetani sana, na hilo naliheshimu.

Halafu nikawapa upande wa pili. Mwaka 1962 mafuriko yaliharibu mazalia ya Natron, heroe wakahamia Ziwa Magadi, Kenya, wakazalia huko. Vifaranga wakaanza kufungwa na bangili za magadi kwa wingi. Safari ile watu hawakukaa kuangalia. Waliingia ziwani, wakamshika kifaranga mmoja mmoja, wakagonga bangili kwa nyundo kwa uangalifu hadi ikapasuka, wakamwachia. Maelfu waliokolewa, mguu kwa mguu.

Darasa likagawanyika. Wengine wakasema asili iachwe. Wengine wakasema ukiwa na nyundo na ukaangalia tu, umeshiriki. Kengele ikalia tukiwa bado tunabishana, na hakuna aliyekimbilia mlangoni. Mwalimu yeyote anajua hiyo maana yake ni nini, hasa siku ya Ijumaa.

Mimi nilibaki na lile neno, "Sio mvivu huyo." Kwa sababu Yule wa Dirishani alikuwa mchelewaji sugu. Wiki tatu mfululizo nilikuwa namsimamisha nje kipindi cha kwanza, mara mbili nimemfagilisha uwanja. Kwenye daftari langu la tathmini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Mvivu, hana ari." Nilikuwa nimetazama kipande kile bila sauti, nikaona kichekesho.

Jumatatu nikamuuliza anaishi wapi. Akanitajia kijiji ambacho nilipita siku moja kwa bodaboda nikaona ni mbali. Anaamka saa kumi, anachota maji kwa ajili ya bibi yake asiyetembea, anapita njia ya pembeni ya msitu mpaka barabarani, akibahatika lifti ya pikipiki ya mkaa anafika mapema, asipobahatika anatembea yote. Alinisimulia haya kama mtu anayesoma ratiba. Hakuwa analalamika.

Sikufanya maajabu. Nilifuta sentensi ile kwenye daftari. Nikaongea na mwalimu wa darasa, mama mmoja mwenye busara, akaniambia, "Mwanangu, darasa hili lina kumi wa hivyo, wewe umemwona mmoja." Tukakubaliana kwamba wanaotoka mbali wasisimamishwe nje tena, waingie wakae. Kipindi cha kwanza nikawa naanza na marudio, ili anayefika dakika ya ishirini asikute somo limeshamwacha. Ni nyundo ndogo. Lakini kwa wiki nne zilizobaki Yule wa Dirishani hakukosa hata siku moja, na zoezi la mwisho la ramani alipata 14 kati ya 20.

Tofauti na filamu nyingine za kuponea chupuchupu

Wanaopenda picha za mtu dhidi ya pori watasema mbona kuna The Revenant. Nimeiangalia. Ya Alejandro González Iñárritu, mwaka 2015, imepigwa na Emmanuel Lubezki kwa kutegemea mwanga wa asili, na Leonardo DiCaprio alipata Oscar yake ya kwanza kwa hiyo. Ni picha kubwa, baridi unaisikia mpaka kwenye kochi. Lakini kinachomsukuma yule bwana ni kisasi. Ana adui, ana jina la kulitafuta.

Kifaranga hana adui. Hajui anakokwenda, anafuata tu wenzake. Anatembea kwa sababu kusimama ni kufa. Kwangu mimi huo ni ukweli ulio karibu zaidi na maisha ya wengi wetu. Wachache hapa chuoni wako kwenye kisasi. Wengi tunatembea tu, bumu limechelewa, sup mbili mgongoni, tunafuata kundi tukiamini kuna maji mbele.

Kasoro zake

Si kila kitu nakisifia. Kwanza, msimulizi wa Kiingereza ana maneno mengi ya kishairi pale ambapo ukimya ungetosha. Pili, filamu za aina hii mara nyingi hujenga "mhusika" mmoja kwa kuunganisha picha za wanyama kadhaa, kwa hiyo usiapie kwamba kifaranga unayemwona mwanzo ndiye huyo huyo wa mwisho. Tatu, na hii inaniuma zaidi, ziwa limeonyeshwa kana kwamba halina watu. Wamaasai wa Engare Sero wamechunga kandokando yake miaka yote. Tena hapo hapo Engare Sero kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale, zilizobaki kwenye majivu ya volkano yaliyoganda tangu maelfu ya miaka iliyopita. Kabla ya kamera yoyote, kulikuwa na kundi la binadamu lililopita pale kwa miguu. Kuwatoa watu kwenye picha ili pori lionekane safi ni uongo, hata kama ni uongo unaopendeza.

Na ziwa lina hatari zake zisizo na korongo. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi soda Natron, kampuni ya Tata Chemicals ya India ikishirikiana na shirika letu la NDC. Kelele zikapigwa, kwa kuwa Natron ni eneo la Ramsar tangu 2001, na Tata ikajitoa mwaka 2008. Baadaye macho yakahamia kwenye magadi ya Engaruka. Wanaotaka ajira wana hoja, na wanaotaka heroe wabaki wana hoja. Lakini mjadala kama huo unahitaji watu waliowahi kuliona ziwa angalau kwenye shuka ukutani. Wanafunzi wangu sasa wameliona.

Kwa walimu wenzangu watarajiwa

Kama unaenda TP, ibebe hii filamu. Usionyeshe yote, chukua dakika kumi na tano za safari ya vifaranga. Onyesha kwanza bila sauti, uone watacheka au vipi, usiwakaripie. Kisha onyesha na sauti. Waulize nini kimebadilika. Halafu uliza lile swali la mwenye kamera, ukae kimya uwasikilize. Utafundisha Jiografia, Biolojia na uraia kwa kipindi kimoja, na chaji ya spika uikague mapema kuliko mimi.

Ila ujiandae. Watoto wataangalia ndege, na wewe utawaangalia watoto, na kuna mmoja dirishani ambaye hatacheka. Usiku huo, kabla hujalala, fungua daftari lako la tathmini usome ulichomwandikia.